Marehemu Aomba Pasipoti

Kufikia katikati ya Agosti hapakuwa na mtu pale Boito asiyekuwa na maoni kuhusu Durban. Mwenye bucha alisema ni mji wa Wahindi. Msusi wa pale stendi akasema hapana, ni wa Wazulu, ameona kwenye simu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Nakuru, alionya kwamba bahari ya kule ina papa wanaojua harufu ya mgeni. Wote walizungumza kama watu waliokwenda wakarudi. Akeyo aliwasikiliza mmoja mmoja, akawapimia omena zao, dagaa wa ziwani, na kucheka, kwa sababu mwaka huo alikuwa na furaha ambayo hakuna papa angeweza kuitia doa.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia ndani ya mashamba ya chai, kikapu mgongoni, mpaka mashine za kuchuma zikaletwa, na yeye na wenzake wakaambiwa asanteni. Tangu hapo aliuza omena sokoni. Mumewe, Kepher, alikuwa fundi wa boila kiwandani hadi alipostaafu, na siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kukaa nje ya nyumba na redio, akimsahihisha mtangazaji. Walitoka kando ya ziwa wakiwa vijana, wakaja kutafuta kazi ya mwaka mmoja, na mwaka huo haujaisha mpaka leo.

Aliyekuwa Durban ni Vivian, binti yao. Alikwenda miaka mitatu iliyopita kuoka keki katika hoteli ya ufukweni, akaolewa na Mzulu mpole anayeitwa Sibusiso, na sasa alikuwa mjamzito. Daktari alisema katikati ya Desemba. Vivian akasema mama yake lazima awepo, na tiketi ataituma yeye.

Basi mipango ikaanza. Vivian alituma sauti na video kila jioni, na Akeyo akaandika mambo muhimu nyuma ya kalenda ya kanisa. Mkenya haombi viza, anakaa hata siku tisini. Kadi ya njano ya chanjo, lazima. Desemba ni joto na mvua pamoja, hivyo sweta zote za huku kwenye baridi zibaki. Mtaa mmoja una msikiti mkubwa na kanisa kubwa vikipakana, na hakuna anayeshangaa. Kwenye soko la viungo utapiga chafya mpaka utoke. Asubuhi utaona mama wa Kihindi na sari yake, mama wa Kizulu na shanga zake, mzungu na kaptura yake, wote wanatembea kando ya bahari kama watu wa familia moja waliokosana kidogo. Na kuna chakula kimoja maarufu ambacho mkate wake unatobolewa katikati na kumiminiwa mchuzi.

"Kwa hivyo mkate ndio sahani?" Kepher aliuliza.

"Ndio sahani."

"Na ukimaliza mchuzi?"

"Unakula sahani."

Kepher alizima redio ili alifikirie jambo hilo vizuri.

Lakini si kila simu ilikuwa ya mikate. Jumapili moja Vivian alipiga mapema, sauti iko chini, na Akeyo akajua hapo hapo kwamba hili si la kalenda.

"Mama, nikuulize kitu. Yule mwanamke aliyenizaa, kabla aniache, alikuwa ananipenda?"

Hili halikuwa siri nyumbani kwao. Vivian hakuzaliwa na Akeyo. Alizaliwa na Atuti, Mkisii aliyechuma chai pamoja na Akeyo na kuishi mlango wa pili, laini ile ile ya nyumba za wafanyakazi. Mwaka wa elfu mbili na tisa Atuti alipata kazi shamba jingine, akamwacha mtoto wa miaka saba kwa Akeyo, akasema atarudi baada ya mwezi. Hakurudi. Vivian alipoanza kuuliza, Akeyo alimjibu bila kuzunguka: mama yako alikuacha, akaenda zake, na mimi nikakuchukua. Alilisema mara nyingi, na kila mara lilimtoka kwa wepesi zaidi.

"Kwa nini unaniuliza leo?" Akeyo alisema.

"Kwa sababu naogopa. Kama hiyo kitu iko kwa damu? Nikimwona mtoto na nisikie tu nataka kutoka niende? Mama, usikose kuja. Wewe ukiwa kwa hiyo room, sitaweza kwenda mahali."

Akeyo alimwambia aache upuuzi, atakuja, hata kwa miguu. Alimaanisha kila neno. Kesho yake alivaa nguo ya kanisani, akachukua kitambulisho chake, akaenda mjini kuanza mambo ya pasipoti.

Mtandao ulimkataa. Mara mbili aliingiza namba ya kitambulisho na mara mbili ukaitema, na mama wa saiba, pale penye kompyuta za kukodi, akamwambia aende ofisi ya usajili wa watu wakamwangalizie. Huko alimkuta afisa anayeitwa Johana, mtu mzima, mtaratibu, mwenye koti lililobanwa vifungo vyote. Johana aliandika namba. Akatazama kompyuta, akamtazama Akeyo, akarudi kwa kompyuta.

"Mama, uko na dada pacha?"

"Sina."

"Ngoja kwanza." Aliandika tena, polepole, akitamka kila tarakimu. Kisha akaondoa mikono kwenye meza. "Sijui nikwambie aje. Hizi rekodi za zamani zilikuwa makaratasi, zimeingizwa kwa kompyuta juzi juzi. Na hapa inasema wewe ulikufa."

Mtu angetarajia Akeyo apige kelele, au acheke. Kilichomtoka ni swali la mtu anayeulizia mazishi ya jirani.

"Nilikufa lini?"

"Tarehe tatu mwezi wa saba, elfu mbili na tisa. Miaka arobaini. Mchumaji chai. Shamba la upande wa Sotik, njia ya Ndanai. Nimonia."

Watu kwenye foleni walikuwa wanaongea na Akeyo hakusikia neno hata moja. Alimwona Johana akifungua mdomo, akiita, akimsukumia chupa ya maji, na yeye akawa anaangalia ile chupa bila kujua ni ya kazi gani. Kwa sababu alijua nani alikufa. Alijua tangu neno Ndanai. Atuti hakwenda zake. Atuti alikuwa amelala chini ya udongo miaka kumi na sita, na jina la Akeyo.

Mambo yalikuwa hivi. Fujo za uchaguzi wa elfu mbili na saba zilipopita pale Boito, nyumba ya Atuti iliungua, na kitambulisho kikaungua ndani yake, pamoja na kila karatasi ambayo ingemsaidia kupata kingine. Bila kitambulisho hakuna shamba linalokuandika. Mwaka na kitu alihangaika na vibarua vya siku. Aliposikia shamba moja la njia ya Ndanai linachukua watu, Akeyo alifanya kilichokuwa kikifanywa na wachumaji wengi nyakati hizo, na hakuna aliyekiona dhambi. Alimpa Atuti kitambulisho chake. Wote wawili walikuwa wafupi, weusi, na mashavu ya duara, na ile picha ya kitambulisho, kama kawaida, haikufanana na binadamu yeyote. Baada ya wiki mbili Akeyo alikwenda polisi, akasema chake kimepotea, akaandikiwa karatasi na kupata kingine. Namba moja, wanawake wawili. Mmoja alichuma Boito na mwingine akachuma Ndanai, na kampuni zote mbili zikapata majani yao.

Johana hakuwa mjinga. Alimwacha anywe maji, kisha akainama mbele na kupunguza sauti.

"Mama, hapa ni mambo mawili. Kama ulimpatia mtu kipande chako, hiki kitambulisho, kwa kupenda, hiyo ni kesi. Itaenda polisi, itaenda kortini, na sijui itaisha lini. Lakini nimeona hapa kipande kilipotea mwezi wa sita, na uliripoti. Huyu alikufa mwezi wa saba. Kwa hivyo inaweza kuwa mtu mwizi aliokota, akatumia, akakufa nayo. Wewe humjui. Unaapa hivyo, unaleta mtu mmoja wa huko aliyemjua marehemu aseme si wewe, na tunakufufua. Mwezi moja, labda na nusu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekufungulia geti.

Akeyo alirudi nyumbani na kumweleza Kepher, akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kepher alisikiliza mpaka mwisho. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukosa la kuongeza kwenye taarifa ya habari alifuta uso kwa kofia yake kwanza.

"Na vile tumemtukana," alisema. "Kila Krismasi. Mpaka mimi nilisema siku moja mbuzi ana huruma kumshinda."

"Nilikuwepo."

"Na mtoto pia alikuwa hapo, anasikia."

Kisha Kepher akasema jambo ambalo Akeyo alikuwa amelifikiria njia nzima na kulionea aibu. "Apa kama vile huyo Johana amekuambia. Atuti amekufa, hakuna mtu atamfunga. Wewe wanaweza kukufunga. Na Desemba haitungoji. Vivian hatajua."

Ndivyo ilivyokuwa. Akisema mwizi, atafika Durban kwa wakati, atamshika Vivian mkono, mtoto atazaliwa, na hadithi itabaki ile ile waliyoizoea. Akisema ukweli, huenda asifike. Na hata akifika, atakuwa amemwambia binti yake kwamba alimdanganya tangu utotoni. Akeyo alilala vibaya siku tatu, na ya nne akaamua ataapa mwizi. Lililobaki lilikuwa kumtafuta huyo shahidi wa Ndanai.

Haikuwa kazi. Aliuliza kwenye geti la shamba nani aliwahi kusimamia wachumaji miaka ile, akaelekezwa kwa Rodah, Mkipsigisi aliyestaafu, aliyejenga kwenye kiwanja chake kando ya barabara ya murram, na ng'ombe watatu na maua mlangoni. Rodah alimpokea kama wanavyopokea kwao, bila kumuuliza haja yake kwanza. Akamketisha, akamletea chai ya maziwa matupu, akangoja anywe nusu.

"Sasa sema jina lako, mama."

"Naitwa Akeyo."

Rodah alimtazama kwa muda mrefu. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu anayesikia mlango uliofungwa zamani ukisukumwa.

"Akeyo nilimzika mimi," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

"Kwa hivyo wewe ndiyo ile dada." Rodah aliweka kikombe chini. "Alikuwa anasema ako na dada anamuwekea mtoto. Mimi nikasema huyu dada ni wa aina gani, mtu amekufa na hakuji. Tulituma barua kwa chifu wa huko kwenu ziwani, ile location iko kwa kipande. Hakuna mtu alijibu. Simu yake yenyewe ilikuwa imeingia maji ile siku ya mvua ya mawe, haikuwaka tena. Tukangoja wiki mbili kwa mochari. Sasa tungefanya nini?"

Akeyo alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Alipanga kusema kwamba kitambulisho chake kiliibwa. Hakuyasema, kwa sababu Rodah aliendelea, na aliendelea kama mtu aliyengoja miaka yote msikilizaji wa haki.

"Alikuwa mtu wa kazi. Mtu wa maneno kidogo. Hii baridi ya Juni ilimshika kifua, nikamwambia pumzika, akasema hapana, nataka Jumamosi niende kuchukua mtoto. Mwezi umeisha, alisema, na nilisema mwezi. Nilikuwa nimeshamtafutia nyumba ya mtu na mtoto. Hata shule alikuwa ameenda, hii primary ya shamba, akamwandikisha Vivian, darasa la pili. Mimi mwenyewe nilimsindikiza. Alhamisi akaanguka ndani ya chai. Ijumaa hakuamka."

Alimwongezea Akeyo chai.

"Hiyo jina ilikaa kwa register. Mwalimu hakujua. Aliita mpaka shule ikafunga. Kila asubuhi, Vivian, Vivian, na hakuna mtoto."

Akeyo aliweka mikono usoni. Alilia kwa sauti, ovyo, mbele ya mtu asiyemjua, na hakujali. Alikuwa ameishi miaka kumi na sita akijiona mwema. Watu walikuwa wamemsifu kanisani kwa kumlea mtoto aliyetupwa, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa na kupokea sifa hizo. Kumbe siku ile ile alipokuwa akimwambia mtoto kwamba ameachwa, kulikuwa na mwalimu upande wa pili wa wilaya akimwita kwa jina.

Rodah alimpeleka kuona. Makaburi ya wafanyakazi yalikuwa nyuma ya ua wa misipresi, machache, mengi yameshuka na kulingana na ardhi. Hili moja lilikuwa limepaliliwa. Msalaba wa mbao ulioza zamani, Rodah alieleza, kwa hivyo alimwomba fundi kipande cha bati na rangi. Juu yake paliandikwa AKEYO, na mwaka.

Akeyo alisimama akisoma jina lake juu ya kaburi. Alitaka kusema pole, na hakujua aanze na jina lipi.

"Jina lake ni Atuti," alimwambia Rodah. "Mimi nilimpa kipande changu. Hakuiba."

Rodah aliitikia kwa kichwa. "Nitasema hivyo, kama wanataka niseme. Atuti." Alilijaribu tena jina hilo, taratibu. "Basi tutabadilisha hii bati."

Akeyo hakungoja afike nyumbani. Alijua akifika Kepher ataongea, na akiongea, yeye atasikiliza. Alikaa kwenye jiwe nje ya ua akampigia Vivian.

Kule kulikuwa na kelele za jikoni na mama mkwe wake akiimba kwa Kizulu. Vivian alikuwa mchangamfu. Alisema amepata kitanda cha mtoto, amemwonyesha Sibusiso mahali pa kukiweka, na mama yake atalala chumba kinachotazama bahari. Akeyo alimwomba aende mahali pa kukaa. Akamwambia. Alimweleza kitambulisho, akamweleza baridi ya Juni, Alhamisi, Ijumaa, barua kwa chifu, shule, mwalimu na register. Hakuacha kitu.

"Vivian?"

"Alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja. Jumamosi."

"Kunichukua mimi."

"Wewe."

Mama mkwe aliuliza kitu kwa mbali na hakujibiwa.

"Kutoka huko nyumbani mpaka hapo uko sasa," Vivian aliuliza, "ni mbali?"

Msichana alikuwa ameondoka Boito bila kuijua njia ya Ndanai. Akeyo angeweza kusema mbali. Angeweza kusema siku nzima, barabara mbaya, mto hauna daraja, na mtu aliye Durban angeamini.

"Saa moja na nusu," alisema.

"Na hukuenda kumtafuta."

"Sikuenda."

"Kwa nini, Mama?"

Akeyo alitazama chini. Kwa miaka yote alikuwa na majibu ya swali hili. Simu ya Atuti ilikuwa imezimwa. Kuna mtu alisema amemwona kule Mulot na mfanyabiashara wa ng'ombe. Kazi ilikuwa nyingi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Yeye na Kepher walikuwa wamekaa miaka kumi na tano bila mtoto, na ghafla palikuwa na mtoto mezani, anakula, anauliza maswali, ananing'iniza miguu kwenye kiti.

"Niliogopa nitampata," alisema.

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni Vivian, na hakuwa na ujasiri wa kupiga tena.

Jumatatu alirudi kwa Johana. Alimkuta amejaza karatasi ya kiapo nusu, kwa nia njema, ile ya mwizi. Akeyo aliisoma yote, akaisukuma upande wa pili wa meza, akaomba nyingine safi.

"Mama, fikiria vizuri," Johana alisema. "Hii ingine sijui itachukua muda gani. Na wanaweza kukushtaki."

"Nimefikiria. Andika niliyempa ni rafiki yangu. Andika jina lake lote. Atuti binti ya Nyamweya, wa Nyamira."

Johana alimtazama kidogo, kisha akaandika. Alipofika mahali pa kusema kiapo hiki ni cha nini, akauliza kama bado aandike safari ya Durban. Siku nne zilikuwa zimepita na simu ilikuwa kimya, na hata zile video za jioni zilikoma. Akeyo alisema aandike tu, kwa sababu ndilo lililomleta mara ya kwanza, na kusema jingine lingekuwa uongo.

Polisi walimwita mara mbili mwezi huo. Wa kwanza alimkemea, wa pili akamwuliza bei ya omena. Rodah alikuja mwenyewe kutoka Ndanai, amevaa kofia ya sherehe, akasema aliyoahidi kusema. Hakuna aliyetoa ahadi ya lini. Kalenda ya kanisa ilibaki ukutani, imegeuzwa, na Akeyo hakuisoma tena. Sokoni watu walipouliza Durban alijibu bado, na wakaelewa vibaya, wakampa pole ya tiketi.

Vivian alipiga mwisho wa Septemba, jioni, Kepher akiwa nje. Hakusalimia.

"Wamesema nini kuhusu pasipoti?"

"Hawajasema. Labda itatoka, labda hapana."

"Isipotoka kabla ya Desemba, utakuja Januari. Isipotoka Januari, utakuja hata Pasaka. Nimeongea na Sibusiso." Sauti yake ilikuwa ngumu, ya mtu aliyeyarudia maneno hayo mbele ya kioo. "Bado nina hasira na wewe. Sijui itaisha lini. Nikianza kukupigia nasikia naweza kukutukana, ndiyo maana nimenyamaza."

"Nitukane."

"Sitaki kukutukana. Nataka unieleze." Ugumu ulivunjika hapo. "Miaka saba nilikaa na yeye, na mimi nakumbuka sweta ya kijani, tu. Sijui kama alikuwa anacheka. Sijui alikuwa anapenda nini. Hakuna mtu mwingine kwa hii dunia aliyemjua vizuri, Mama. Ni wewe peke yako. Sasa nieleze, usingoje mpaka ufike."

Akeyo alifungua mdomo na kukuta hakuna kitu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amesema jambo moja tu kuhusu Atuti, na sasa hilo moja halikuwepo. Alishtuka jinsi palivyo patupu. Akafumba macho na kujirudisha kwenye chai, safu mbili sambamba, asubuhi, umande mpaka kiunoni, akageuza kichwa upande wa kulia, mahali Atuti alipokuwa akisimama kila siku.

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," alisema. "Sote tulichuma na mikono miwili, lakini wa kushoto wake ulikuwa unaenda mbele, na alikuwa anauambia ungoje mwenzake."

"Aliongea na mkono wake?"

"Kila siku. Kwa Kikisii. Sisi tulicheka, na yeye hakuacha."

Upande wa pili Vivian alikuwa analia, au anacheka, Akeyo hakuweza kutofautisha.

"Endelea," Vivian alisema.